Amin Tuliyomwambia Mungu wa Karatasi

Oktoba 1997, mimi Dubow niliamini kwamba nimeigharikisha Garissa. Msinicheke kwanza.

Binamu yangu Mustafe alirudi kutoka Nairobi na mchezo wa ajabu: kitabu, karatasi, na kete yenye pande ishirini. Unajifanya shujaa, unasema unachotaka kufanya, kete inaamua kama umefaulu.

Mustafe akawa mtu wa mkuki. Jirani yetu Bare akawa mwizi, kazi aliyoifurahia mno. Mimi nikaachiwa kuhani.

Kitabu kilisema kuhani bila mungu hana miujiza. Na miujiza yenyewe ni mitatu kwa siku, basi.

Nikachagua mungu wa mvua. Ni mchezo tu, nikajiambia.

Mashujaa wetu wakakwama jangwani, kiu imewashika.

"Omba, buda," Mustafe akasema.

Sasa mimi kuomba najua kwa njia moja tu. Nikainua mikono, nikashusha dua kwa Kisomali, tamu kweli.

"Amin," wakaitikia wote wawili, wakajipangusa uso.

Kisha tukatazamana. Mazoea yametuponza. Nikarusha kete, tukafunga kitabu, kila mtu akashika njia yake.

Siku tatu baadaye mvua ikaja, na haikukoma. Mto Tana ukavamia mashamba, barabara ikakatika, mbuzi wawili wa mama wakazama. Niliogopa kwelikweli. Nimetoka katika dini, na mji mzima unaadhibiwa kwa ajili yangu.

Nikaenda kwa Maalim Dagane, aliyenifundisha Kurani tangu utotoni. Nikamwaga yote, nikijua kitabu kitachomwa na baba ataambiwa.

Maalim akauliza kete ilisema nini.

"Mbili, Maalim. Dua ilikataliwa."

"Waryaa, hiyo mungu ya karatasi ilikataa, halafu wewe unabeba mafuriko yake? Ijumaa ile kabla ya mafuriko, mji yote tulitoka kuomba mvua. Wewe ulikuwa wapi?"

"Safu ya pili."

"Ulisema amin?"

Nilisema, tena kwa sauti.

Akaniamuru nilete toba. Aliposikia habari ya miujiza mitatu kwa siku akacheka hadi machozi, akauliza kama tunampimia Mungu mgao wa unga kama wakimbizi wa kambi ya Dagahaley. Kisha akabadilisha sheria za mchezo: kuhani afutwe, awe wadaad, mtu wa dini kama wa kwetu. Habebi mkuki, hapigwi na mtu, na dua yake hairushiwi kete.

Mustafe alinung'unika kwamba huyo hana kazi. Siku hiyohiyo, mchezoni, wadaad wangu akasimama katikati ya majeshi mawili, na hakuna aliyeweza kurusha mkuki. Vita vikaisha kete haijaguswa.

Mpaka leo nacheza hivyo. Kete iulize kama mkuki umefika. Ya dua muulize Mwenyewe.