Siku Nilipolikata Turubai

Nakumbuka siku moja ambayo nusura nimuue mama mkwe wangu kwa heshima. Usicheke, mwanangu, maana ilinichukua miaka mingi kuweza kuisimulia.

Nilikuwa mwaka wa pili wa ndoa, kijana mwenye nguvu na majivuno yake. Mama mkwe alikuja kwetu kijijini Buswahili kumwona mjukuu, nami nikaambiwa nimsindikize kurudi kwake Buhemba. Miiko ya kwetu unaijua: mtu na mama mkwe wake hawakai chini ya paa moja, hata kutazamana usoni ni aibu. Basi tukatembea, mimi mbele, yeye nyuma kwa mbali.

Mchana, tukiwa mlimani mbali na nyumba yoyote, mvua ya mawe ikatushukia na upepo wake. Nilikuwa na panga na turubai moja, la kutosha kibanda cha watu wawili. Nikalikata katikati. Nikajenga vibanda viwili vya matawi, kimoja chake, kimoja changu, na majani machache niliyopata nikayagawa nusu kwa nusu. Moyoni nikajisifu kwamba nimetunza adabu.

Kila kipande kilikuwa kidogo mno. Mvua iliingia ubavuni, maji yakapita chini tulipokaa. Nilimsikia akikohoa, kisha akitetemeka mpaka matawi yanatikisika. Sikwenda. Nilipoacha kumsikia ndipo nikaogopa, nikakimbilia kwake. Alikuwa ameegemea fito, amelowa chapachapa, namwita haitikii. Nikambeba mgongoni, mama mkwe wangu mwenyewe, nikashuka naye huku nalia, mpaka kwa wachoma mkaa waliokuwa na moto.

Alipona, lakini kifua chake hakikuwa tena kile cha zamani. Alipotoka hospitali Musoma aliniita, akaniambia niketi karibu. Nikakaa nikitazama sakafu.

"Baba, mi nilitaka kukuita," akasema. "Nikaona aibu. Na wewe ukaona aibu. Watu wanasemaga miiko, miiko, na mimi nakufa pale."



Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Mvua ikikukuta porini na mwenzako, jenga kibanda kimoja. Kiwe kifupi, mgongo wake uelekee upepo. Majani yatandike chini kwa wingi kabla hujahangaika na paa, kwa sababu ubaridi wa ardhi ndio unaommaliza mtu. Halafu kaeni mgongo kwa mgongo, hata awe mkweo, hata awe mtu mliyegombana naye asubuhi. Miiko naiheshimu hadi leo, lakini walioiweka walitaka tuishi. Nyumbani utaomba radhi kwa kuvunja mwiko, na atakayekuombea ni yule uliyemwokoa.

Mungu akutangulie katika safari zako, akurudishe salama, wewe na kila uliyetoka naye.