Mume Wangu Anatoa Gia Mteremkoni, na Mama Yangu Yuko Juu ya Magunia

Admin, nifichie jina, maana mume wangu huisoma page hii akiwa anasubiri mzigo. Nina miaka 31, naishi Makanyagio hapa Mpanda, nina mtoto mmoja. Mume wangu ni dereva wa Fuso, anabeba mahindi kutoka vijijini. Ni mtu mwema, hanywi pombe, ila ana ugonjwa mmoja: akiona mteremko tu, anatoa gia na kuliacha gari literemke free. Ati anaokoa mafuta. Tajiri wake humsifia mbele ya madereva wenzake kwamba Fuso lake halinywi, basi kichwa kimemvimba.

Mwezi uliopita tulimfuata mama yangu kijijini Kasekese aje kutibiwa macho mjini. Kwa mila zetu mama hakai karibu na mkwe wake, wala hasemeshani naye. Nilipomwonyesha nafasi mbele alinitazama kama nimemtukana, akapanda juu ya magunia. Mimi nikakaa mbele na mtoto.

Tulipofika kwenye mteremko mrefu, mume wangu akatoa gia. "Sikia raha hiyo, injini imepumzika."

Nikamwambia, "Baba Neema, mama yuko juu." Akacheka. Gari likashika kasi, na kule chini ng'ombe wanavuka barabara. Akakanyaga breki, zikanuka kuungua, gari halishikiki. Akalazimisha gia, ikakataa kuingia. Akalipeleka kwenye ukingo wa udongo, likajisugua mpaka likasimama. Nilijikojolea, sioni aibu kusema.

Mama alishuka magoti yanatoka damu. Mume wangu akaangalia pembeni, akasema, "Mama, pole." Mama akanigeukia mimi: "Mwambie sijambo."

Tulipofika nyumbani ndipo alipolia. "Mwanangu, nilifungua mdomo nimwite asimame, nikakumbuka ni mkwe. Nikaufunga." Maneno hayo yananiuma mpaka leo.

Fundi wa gari alimweleza mume wangu mbele yangu kwamba injini ikiwa free bado inakunywa mafuta, na kwamba gari lenye mzigo mteremkoni linashikwa na gia, breki peke yake zinachemka. Akajibu, "Wewe unajua nati, barabara naijua mimi." Mpaka leo anatoa gia.

Kwetu neno zito kuhusu mkwe hupitia kwa mshenga. Na mshenga wetu ndiye huyo huyo tajiri mwenye Fuso! Nikienda kwake akajua gari lake linateremshwa free, mume wangu atafukuzwa kazi, na atajua ni mimi. Nikimkabili mwenyewe, ananiambia mwanamke hajui gari.

Wiki ijayo mama anarudi hospitali. Nimembembeleza apande basi, kagoma: "Nikilikataa gari la mkwe wangu, nimemvua nguo mbele za watu." Kaniomba kitu kimoja tu, nimtafutie kamba nzuri ya kujifunga kwenye magunia.

Jamani, nyie madereva na nyie wenye wakwe, nisaidieni mawazo. Niende kwa mshenga, au nimpelekee mama kamba?