Maneno ya Macho Niliyoyameza

Nyuma ya kambi ya malale, kusini kidogo ya Rumonge, kulikuwa na nyumba isiyo na dirisha hata moja. Waliokaa ndani hawakuwahi kulalamika kwamba kuna giza.

Nilijua kwa nini. Nikanyamaza.

Naitwa Feruzi. Zama za Wadachi nilikuwa mkalimani pale kambini. Kiswahili ndicho tulichosema nyumbani, Kirundi nilikipata kwa mama. Bwana Daktari alijua Kiswahili cha kuungaunga, na wagonjwa wengi walijua Kirundi tu. Kwa hiyo kila neno lake lilipita mdomoni mwangu kabla ya kuwafikia.

Miaka ile malale ilikuwa inafagia ufuko mzima wa ziwa. Mtu anaanza na homa, mitoki inavimba shingoni, halafu usingizi. Analala na tonge mkononi. Mwisho haamki.

Boma likaamuru wagonjwa wote waletwe kambini kuchomwa sindano.

Siku ya kwanza Daktari alisimama mbele ya watu, akasema, "Dawa iko nzuri. Inaponya wengi. Lakini wengine inaharibu macho. Mtu akiona ukungu, aniambie siku ileile."

Nilipofungua mdomo, nikasikia mguu wangu unakanyagwa.

Alikuwa Bwana Shafii, msimamizi wa kambi aliyewekwa na boma. Akaninong'oneza, "Hayo ya macho yameze. Kambi ya jirani walisikia uvumi tu, wakakimbia wote. Hapa wakikimbia, boma litaniuliza mimi. Na mimi nitakuuliza wewe kwa kiboko."

Nikawageukia watu. "Daktari anasema dawa ni nzuri. Inaponya."

"Murakoze," wakashukuru.

Ikaisha hivyo. Ilikuwa rahisi mno, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Miezi mitatu haikupita, macho ya wa kwanza yakaenda. Mama mmoja mkulima. Shafii akampeleka kwenye ile nyumba ya nyuma, wengine wasimwone. Daktari alikuwa na kambi tatu za kuzungukia, kwetu alikuja mara mbili kwa juma. Akiuliza mama yule yuko wapi, Shafii anajibu, "Ndugu zake wamemchukua, amerudi kwao." Daktari anaandika, anaendelea.

Akafuata wa pili. Wa tatu. Chakula chao nilipeleka mimi.

Kisha akaletwa dada yangu.

Alikuwa ameolewa Magara. Mumewe alikufa kwa malale mwaka mmoja nyuma. Alizikwa akiwa mifupa mitupu. Sasa mitoki ilikuwa imeota kwenye shingo ya dada mwenyewe.

Alikuja kambini wakati Daktari hayupo. Akaniuliza mimi, mdogo wake, uso kwa uso.

"Feruzi, sindano hii haina ubaya?"

"Haina, dada."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Akanyoosha mkono, msaidizi akamchoma.

Alipata nafuu haraka. Homa ikashuka. Akarudi kusuka mikeka na kunitania kwamba nimekonda kama ndagala wa kukaushwa. Nikajipongeza kimoyomoyo. Nikasema, unaona, ningemtisha bure.

Asubuhi moja ananiambia, "Leo ziwa limejaa ukungu."

Niliangalia ziwa. Lilikuwa wazi kabisa, milima ya ng'ambo inaonekana hadi mikunjo yake.

Hapo nilikuwa na nafasi. Daktari alikuwa kambini, hatua thelathini tu. Lakini nikamkumbuka shemeji alivyokufa. Nikawaza: nikisema, sindano itasimama. Ikisimama, dada anakufa. Bora macho yaende, roho ibaki.

Niliamua peke yangu, juu ya macho yasiyo yangu.

"Ni ugonjwa unatoka, dada," nikamwambia. "Utapita."

Daktari alipofika kwake akauliza, "Iko vizuri?"

"Vizuri, Bwana," akajibu. Aliniamini.

Ukungu haukupita. Siku ya kumi na tisa nilimkuta amekaa mlangoni, anapapasa ukingo wa mkeka aliousuka mwenyewe.

"Feruzi, ni wewe?"

Nilikuwa mbele yake.

Jioni hiyo Shafii akatoa amri ahamishiwe nyumba ya nyuma. Hapo kitu kikakatika ndani yangu. Daktari alipokuja kesho yake, nilimshika mkono wa koti, jambo ambalo mtu mweusi hakulifanya kwa Mdachi, nikamvuta hadi kwenye ule mlango, nikaufungua.

Walikuwa tisa. Waligeuza nyuso kuelekea sauti ya mlango, si kuelekea mwanga.

Daktari aliwapitia mmoja mmoja, akiwatazama macho. Nikamweleza yote: maneno niliyoyameza, ukungu wa dada yangu, na hofu yangu kwamba dawa ingesimamishwa.

Akanitazama kama hajaelewa lugha.

"Kusimamisha?" akasema. "Hapana. Mimi ningepunguza tu. Sindano ndogo, siku nyingi katikati. Angepona, na macho yangebaki. Wewe hukuuliza?"

Sikuuliza. Jibu lilikuwa hatua thelathini kutoka kwangu, sikuuliza.

Nilidhani sasa atawaita watu awaambie ukweli. Alirudishia mlango taratibu. "Mwezi ujao mkubwa wangu anakuja kukagua," akasema. "Mpaka aondoke, usiseme neno. Watu watakimbia."

Maneno yaleyale ya Shafii.

Nikaenda kwa dada, aliyekuwa bado hajahamishwa. Nilipiga magoti, nikamwambia kila kitu. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Ungeniambia tangu mwanzo, ulidhani ningekimbilia wapi?"

Akaendelea mwenyewe.

"Nilimzika mume wangu, Feruzi. Ningekubali sindano. Ila siku ya kwanza ya ukungu ningempigia Daktari kelele."

Asubuhi aliniamuru nimpeleke kwenye foleni ya sindano. Nikampeleka. Akasimama mbele ya watu sitini na kitu, akawasalimu na kusema kwa Kirundi, kwa sauti ya kawaida, "Amahoro. Dawa hii imeniondolea malale. Imeniondolea na macho. Ukiona ukungu, sema siku ileile, watakupunguzia. Nyumba ya nyuma kuna wenzangu tisa. Nendeni mkawaone, kisha kila mtu aamue."

Shafii alikuja mbio. Alikuwa amechelewa.

Watu walikwenda, wakaona. Wengine walilia palepale, maana walikuta ndugu zao walioambiwa wamerudi kwao.

Kumi na wanne waliondoka siku hiyo. Waliobaki walirudi kwenye foleni wenyewe, bila askari. Wakikaa chini walihesabu vidole vyao mbele ya macho, na aliyeona vidole vina ukungu alisema hapohapo. Daktari akawapunguzia. Kwa muda wote niliobaki kambini, sikuona mwingine akiingia ile nyumba.

Mimi nililazwa chini mbele ya kambi, nikapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa kosa la kuvujisha siri. Shafii hakuguswa. Mkubwa alipokuja kukagua, aliambiwa kambi inakwenda vizuri.

Ndugu zangu, mimi sikuwa mtu katili. Nilikuwa mtu wa katikati tu, kati ya anayejua na asiyejua. Nilificha kwa kuogopa kiboko, kisha nikaficha kwa mapenzi, na matokeo yakawa yaleyale. Ukipewa neno linalohusu mwili wa mtu, lifikishe lote kama ulivyolipokea. Si lako kulipunguza.

Dada yangu aliishi miaka sita zaidi, nyumbani kwangu, mikononi mwangu. Hakunitukana hata siku moja.

Lakini hakuniuliza tena kitu. Kama mvua inakuja, kama chumvi imetosha, kama nguo aliyovaa ni safi, alimwita jirani.