Yaya Naye Anakaa

Mwanamke huyu walimwita Kicheko, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Kwa miaka tisa alifanya kazi kwenye shule ya chekechea, na wazazi walijua amekwishafika kazini kabla wao hawajafika getini, maana kicheko chake ndicho kilichowapokea. Sasa watu wana ugonjwa mmoja. Wakimwona mtu anacheka asubuhi mpaka jioni, wanadhani haumii. Wakimkanyaga mguu akasema "usijali," wanamkanyaga na wa pili.

Jengo la chekechea lilipouzwa, Kicheko alipata kazi ya uyaya kwa golikipa wa timu kubwa ya mji. Mashabiki walimwita Komeo, kwa kuwa yeye akisimama langoni, lango limefungwa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, hana mke, vidole viwili vimepinda kwa kuvunjika na kuungwa vibaya, na uso umekunjamana kama shati lililosahauliwa kwenye ndoo. Dada yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaacha binti wa miaka mitatu. Binti hakuwa na mwingine wa kumlea ila mjomba wake huyo.

Siku ya kwanza Komeo alitoa maagizo akiwa amesimama mlangoni, begi la mazoezi begani.

"Analala saa mbili. Hali karanga, zinamvimbisha. Na usiimbe ndani ya nyumba yangu."

"Nisiimbe kabisa, kaka?"

"Kabisa."

"Sawa," akasema Kicheko, na gari halijatoka getini akawa ameanza kuimba.

Mtoto yule alikuwa hasemi ila kwa kunong'ona. Akitaka maji ananong'ona, akiumia ananong'ona. Mwezi wa pili alichukua kalamu ya wino mzito akachora macho na midomo kwenye glavu mpya za mjomba wake. Komeo aliporudi na kuziona, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Hizi ni za mechi! Nani ameruhusu huu upuuzi?"

"Mimi," akajibu Kicheko. "Na kabla hujaendelea kufoka, muulize ni akina nani hao."

Komeo akainama, shingo upande. Mtoto akasema, tena kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Huyu ni Mama. Na huyu ni wewe, Mjomba, umenuna." Komeo alizishika zile glavu muda mrefu, kisha akaenda chumbani akafunga mlango. Jumamosi alicheza nazo vilevile, zikiwa na ile midomo ya wino.

Tangu hapo alizidi kulalamika, lakini malalamiko yake yalibadilika ladha. Alilalamika kwamba Kicheko anamsuka mtoto mistari iliyopinda, akakaa yeye mwenyewe kwenye mkeka, na vidole vyake vibovu, akajifunza kusuka. Alilalamika kwamba wakicheza mpira uani Kicheko anadaka vibaya. "Unadaka kama unapokea mzigo wa kuni! Kunja magoti!" Kicheko alicheka mpaka akaangusha mpira, na Komeo akageuka haraka kutazama ukuta, kwa sababu naye uso ulikuwa unataka kumsaliti.

Jioni moja, mwezi wa saba, Komeo alikuwa anaosha vyombo, amempa Kicheko mgongo.

"Ukienda likizo, hii nyumba haina maana," akasema.

"Unasemaje?"

"Nimesema sufuria haijatakata."

Kicheko akaacha kukunja nguo za mtoto. "Nilikusikia mara ya kwanza. Na mimi moyo wangu haujatulia, sikufichi. Lakini umeniajiri. Siwezi kukupenda huku nakuomba ruhusa ya kwenda kumwona daktari. Nipe muda nifikiri."

"Fikiri," akasema Komeo, akaisugua ile sufuria mpaka ikang'aa kama mpya.

Ndipo ikaja nusu fainali ya kombe. Timu ilitoa mwaliko: familia za wachezaji zikae jukwaa kuu, kisha zishuke uwanjani kupiga picha. Kicheko alimvika mtoto gauni la njano, wakaenda. Walikuwa ndio kwanza wameketi pale alipomjia mama mmoja, msimamizi wa wageni wa timu, kitambulisho kinaning'inia kifuani.

"Wewe ni mke wa nani?"

"Mimi ni yaya wa mtoto huyu."

"Aa. Mayaya hawakai hapa. Mnasubiri kule nyuma, kwenye korido ya jiko. Mtoto mwache, tutamtazama."

"Ana miaka minne, mama. Na viti vitupu ninaviona, hivi hapa."

"Dada, usinifundishe kazi."

Kicheko alitabasamu kwa mazoea, akainuka. Koridoni aliwakuta mayaya wengine wawili, mmoja mama mtu mzima aliyevimba miguu, wote wamesimama wameegemea ukuta wenye mabomba. Hakukuwa na hata stuli. Walisimama dakika tisini, zikaongezwa thelathini, zikaja penalti. Uwanja ulinguruma juu ya vichwa vyao wasijue nani amefunga. Mara mbili Kicheko alimsikia mtoto akilia, na mara mbili mlinzi alimzuia mlangoni.

"Zoea tu, mwanangu," yule mama akamwambia. "Mimi mwaka wa sita huu nasimama hapa."

Mwaka wa sita! Kicheko aliitazama miguu ile, na kitu ndani yake kikaungua.

Komeo alidaka penalti mbili, timu ikaingia fainali. Familia zikaitwa kwenye nyasi. Mlango ukafunguliwa, mtoto akamkimbilia Kicheko koridoni, macho mekundu, akamng'ang'ania sketi, wakaenda wote mpaka alipo Komeo. Mpiga picha akawapanga. Msimamizi akaja tena, akamshika Kicheko mkono mbele ya timu nzima.

"Wewe toka. Hii ni picha ya familia."

Kicheko akamtazama Komeo. Komeo akamtazama Kicheko, kisha akatazama nyasi. Mtu ambaye kila Jumamosi huwafokea mabeki wake mpaka jukwaa la mbali linasikia, siku hiyo alitazama nyasi.

Walirudi nyumbani. Mtoto alipolala, Kicheko alisimama jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile hakukuwa na tabasamu usoni pake.

"Refa akikosea kona unamfuata mpaka katikati ya uwanja. Kwangu mimi ulikosa neno moja?"

"Sikutaka kuleta fujo siku ya—"

"Fujo! Wewe? Wewe unaogopa fujo?" Akamsogelea hatua moja. "Miezi minane nambeba mtoto wenu. Akitapika, kwangu. Akiota ndoto mbaya, mimi hapa. Halafu naambiwa nisimame kwenye mabomba kama fagio, na wewe uliyesema nyumba haina maana bila mimi unahesabu majani!"

"Nimekosa," akasema Komeo.

"Umekosa, ndiyo. Kesho nitamwandaa mtoto kama kawaida, kwa sababu yeye hajanikosea. Nikishapata kazi pengine, naondoka. Mpaka siku hiyo usinisemeshe."

Kwa wiki mbili akashika neno lake. Kwa mtoto alicheka, kwa Komeo alikuwa jiwe. Komeo naye akahangaika. Alijaribu kusimulia kichekesho alichosikia chumba cha kubadilishia nguo, akasahau mwisho wake katikati ya njia. Asubuhi moja alianza kuimba huku anakaanga mayai, sauti mbovu isiyo na mfano, mpaka mtoto akaziba masikio. Kicheko aliuma midomo, lakini hakumwonea huruma. Hasira yake ilikuwa ya haki, na hakutaka kuiuza kwa mayai.

Siku ya fainali alimpeleka mtoto uwanjani, akapanda moja kwa moja mpaka jukwaa kuu, akaketi. Msimamizi alimwona, akaja mbio.

"Wewe tena? Si nilikwambia?"

"Uliniambia. Leo siinuki."

"Nitaita walinzi!"

"Waite. Lakini waje na kamba, maana miguu yangu haitoki hapa."

Watu wakaanza kugeuka. Walinzi wawili wakaja, wakasimama wakitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumburuta mwanamke aliyepakata mtoto. Na katikati ya kelele zile akaonekana yule mama wa miguu iliyovimba akitoka koridoni, akipanda ngazi moja moja. Alipofika akajitupa kwenye kiti kando ya Kicheko, akashusha pumzi. Yaya wa tatu akafuata.

Uwanjani, Komeo alikuwa anapasha mwili. Aliuona mkusanyiko, akaliona gauni la njano. Akaacha lango, akavuka uwanja na glavu mkononi, akaruka uzio wa matangazo, akaja mpaka chini ya jukwaa. Sauti aliyoitoa hapo ilinyamazisha safu tano.

"Mwacheni! Huyo ni familia yangu!"

Ungedhani hapo Kicheko angelainika. Alisimama, ndiyo, lakini kidole chake kilimwelekea Komeo mwenyewe.

"Mimi sijakubali kuwa familia yako! Usinipatie kiti kwa sababu unanipenda. Huyu mama hapa nani anampenda? Miaka sita anasimama! Mimi ni yaya, niko kazini, na yaya naye anakaa!"

Komeo akamgeukia msimamizi.

"Umesikia. Yaya anakaa. Wakiinuliwa hawa, mimi sirudi langoni, na mtaeleza wenyewe kwa nini."

Kocha alikuwa amefika, akihema. Mwenyekiti wa timu akanong'ona na msimamizi. Walinzi wakaondoka. Mtoto akauliza kama mechi imekwisha.

Timu ilifungwa moja bila. Magazeti yakamrukia Komeo kwamba alikuwa na mawazo ya wanawake badala ya mpira, ingawa mpira wa bao lile ulimgonga beki wake mgongoni ukabadili njia. Msimu ulipokwisha hawakumwongezea mkataba, baada ya miaka kumi na mmoja. Barua yao ilikuwa na mistari minne. Kicheko aliisoma mara mbili akaikunja kwa hasira kubwa kuliko ya mwenye barua.

Naye alikuwa amepata kazi kwenye chekechea nyingine. Komeo akaajiriwa kufundisha magolikipa wa timu ya wasichana, karibu na hapo. Kila mchana alikwenda kumchukua mtoto, aliyeandikishwa chekechea ileile, na kila mchana alikuja mapema kupita kiasi, akakaa kwenye kibenchi cha watoto magoti yakimgusa kidevu, akilalamika kuhusu jua, vumbi na kengele. Mwezi wa nne Kicheko alitoka nje akajifuta mikono iliyojaa rangi.

"Sasa mimi si mfanyakazi wako," akasema.

"Najua."

"Basi sema tena lile la siku ya sufuria."

Akasema, safari hii akimtazama usoni. Waliandikisha ndoa kwa karani mwaka huohuo.

Msimu mpya ulipoanza, gazeti lilitoa picha ya mwenyekiti akizindua viti vya mayaya kwenye jukwaa kuu, chini yake maneno: timu yaonyesha moyo wa ukarimu. Kicheko aliisoma akiwa na chai mkononi, na chai ikamwagika.

"Ukarimu! Komeo, njoo uone! Ukarimu!"

Aliandika barua kwa mhariri, kurasa tatu, na jina la kila mwanamke aliyesimama korido ile. Walichapa aya moja, nayo wameikata kiuno. Kesho yake akaandika nyingine.