Somo la Umeme Tuli

Shuleni kwetu Karatu nywele zilikuwa kosa. Wavulana kwa wasichana tulinyoa vipara kabla ya shule kufunguliwa. Kwa hiyo mwalimu wetu wa fizikia, kijana aliyeajiriwa mwaka ule, alipotuamuru tusugue rula za plastiki kichwani ili zivute vipande vya karatasi, hakikuvutwa kitu. Darasa zima la kidato cha pili lilijisugua vichwa kama ng'ombe wenye kupe. Mvulana mmoja wa kijiji cha Arash akauliza kama anaweza kutumia blanketi, maana lake hutoa cheche akijifunika. Akapigwa konzi.

Ndipo mwalimu akaniona. Mimi nilikuwa na nywele, kwa ruhusa ya mkuu wa shule. Utotoni nilimwagikiwa uji wa moto, na juu ya sikio langu la kulia palibaki kovu lililokunjamana. Mama alisafiri kutoka kwetu Sale kuja kumwomba mkuu niachiwe nywele za kulifunika. Wenzangu hawakujua, na nilitaka nimalize shule bila wao kujua.

"Njoo mbele, binti."

Alisugua rula kichwani kwangu kwa nguvu. Ilikuwa kiangazi, hewa kavu. Karatasi ziliruka zikaganda kwenye rula, darasa likashangilia. Nami, mjinga mimi, nikatabasamu.

"Na hizi nywele umeruhusiwa na nani?"

"Mkuu wa shule, mwalimu."

"Kwa sababu gani?"

Nikanyamaza. Kuitaja sababu mbele ya darasa kulikuwa sawa na kuionyesha. Yeye akaona kiburi, akachukua mkasi mezani.

Alianzia kushoto. Nililia, nikamwomba tuende ofisini. Akasema sheria ni msumeno. Alipofika juu ya sikio la kulia mkono wake ulisita. Alikuwa ameliona. Angeweza kuacha pale pale, nami ningemsamehe, lakini darasa lilikuwa likimtazama, basi akamalizia mpaka kovu lote likawa nje.

"Kumbe kabeba ramani!" mtu akasema nyuma. Wakacheka, na Ramani likawa jina langu mpaka kidato cha nne. Nilimchukia mwalimu yule, na sijaacha.

"Haya," akasema, akipangusa mkasi, "kwa nini rula ilivuta karatasi?"

Nikajibu kwamba plastiki ilichukua elektroni kutoka kwenye nywele zangu, ikapata chaji hasi.

"Safi sana," akasema. "Mpigieni makofi."

Wakanipigia.