Farasi wa Mjomba Aendaye Telki

Mume wangu alinivunja mbavu mbili kwa stuli, jikoni kwetu Ganjoni, kwa sababu nilichelewa kutoka kazini. Nilipotoka hospitali sikurudi kwake. Nilikwenda Buxton kwa mjomba wangu, ndugu wa mamangu, ambaye kazi yake ni kupandisha watu farasi kwa malipo pale ufukweni Mama Ngina.

Kwa wiki nyingi kila safari ilinitesa. Tuktuk ikiingia shimoni, machozi yananitoka. Siku moja mjomba akaniambia, "Mpande huyu jike, mwanangu. Huyu harushirushi mtu. Kazaliwa na telki."

Nilimcheka, kisha nikapanda. Farasi wengine wakienda mbio hukutupa juu na kukudaka. Huyu, kwa mwendo wake huo wa telki, aliweka chini mguu mmoja baada ya mwingine, upesi lakini kwa ulaini, nami juu yake nikiyumba kidogo tu, kama mtoto anayebembelezwa. Mbavu hazikulalamika. Nikawa naenda kila alasiri.

Huko ndiko mume wangu alikonipata. Alichomoza kati ya wauza mihogo, akanikamata mguu.

"Shuka! Waniaibisha mbele za watu!"

Nilizing'ang'ania singa za farasi. Akanipiga ngumi ya paja, ya kiuno, kisha ya mbavu zile zile. Mjomba alimvaa kumzuia, akasukumwa, akaangukia ukingo wa saruji, paji la uso likachanika. Mume wangu akaiokota fimbo ya mjomba, akamchapa farasi usoni mara mbili.

Farasi aligeuka akarusha teke. Nilisikia goti la mume wangu likivunjika. Ukelele alioutoa niliujua. Ndio niliokuwa nikiutoa mimi jikoni.

"Mshike hatamu!" mjomba alipaza sauti, damu ikimwingia machoni.

Sikumshika. Nilimgonga farasi kwa visigino akaondoka, na hata kwa hofu ile hakunirusha. Alikwenda telki yake hadi karibu na kivuko, na hapo nikalia juu ya mgongo wake mpaka kifua kikachoka.

Kadhi alipoivunja ndoa yetu, mume wangu alikuja kwa magongo.

"Umeridhika sasa?" aliniuliza.

"Ndiyo," nilimjibu, mbele ya kadhi na watu wote.

Mjomba, ambaye kovu lilikuwa bado bichi usoni, hakulipenda jibu lile. Njiani kurudi nyumbani aliniambia, "Mtu haridhiki kwa goti la mwenziwe, mwanangu."