Pombe ya Pole

Watu wa Kishanda walimpenda Clavery kwa sababu hakujua kumkatalia mtu. Ukimwomba jembe, atakupa. Ukimwomba asimamie ubatizo wa mtoto, atakuja na koti lake la Krismasi hata jua likiwaka. Mtu mwema wa namna hiyo ni raha kuwa jirani yake. Kuolewa naye ni habari nyingine, na mkewe Ephrasia aliijua habari hiyo mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha.

Mwaka huo basi la Mzee Buberwa lilipinduka kwenye mteremko wa Kagoma likielekea Bukoba. Breki zake zilikuwa zikilia tangu masika. Kila mtu alizisikia, na bado watu walipanda, maana hapakuwa na basi jingine. Siku hiyo walishindiliwa mpaka mlangoni, na juu ya paa mikungu ya ndizi. Ephrasia alikaa dirishani. Basi lilimlalia mkono wa kulia, na hospitalini wakaukata karibu na bega.

Ephrasia angali amelazwa, hajaweza hata kujigeuza kitandani, Mzee Buberwa alifika kwa Clavery na wazee wa kijiji, mbuzi, na vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi. Tajiri mwenye basi akapiga goti kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni. Clavery hakuwahi kupigiwa goti na mtu yeyote.

"Ta Clavery, waitu," alisema Buberwa kwa heshima ya Kihaya, "sikuja kujitetea. Nimekuja kulia nawe."

Akalia kweli. Clavery akatoa kikapu cha buni za kutafuna kama apewavyo mgeni wa heshima, wakatafuna pamoja, wakanywa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila aliyetakiwa kupona hakuwapo. Pombe ilipokolea, Buberwa akauliza kwa upole, "Sasa yameisha, au bado kuna neno?"

Wazee wote wakamtazama Clavery. Kumwambia mtu unayekunywa pombe yake kwamba bado kuna neno ni sawa na kumtemea mate.

"Yameisha," alisema Clavery. "Hatudaiani."

Kule hospitalini, Penina wa ustawi wa jamii alikuwa amemweleza Ephrasia mambo tofauti kabisa: basi la abiria lina bima, na fidia ya mkono ni ya mwenye mkono. Ephrasia alirudi nyumbani na mpango wake. Kwa fedha hizo angeweka kibarua, maana kulima, kuchuma kahawa na kumenya ndizi, vyote vinataka mikono miwili. Alipomweleza mumewe, Ephrasia alicheka, kwa mara ya kwanza tangu ajali. Clavery akasema ni jambo jema. Habari ya Buberwa hakuitaja.

Kila siku alijiambia atamwambia kesho. Kilabuni watu wakaanza kusema, bila hata kushusha sauti, kwamba Clavery kanywa mkono wa mkewe. Akaacha kwenda kilabuni. Kanisani akawa anakaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya baraka. Aibu ilimtafuna, sikatai, lakini haikumfungua mdomo. Alikuwa akijionea huruma yeye mwenyewe.

Kesi ya fidia ya Ephrasia ilipofika mahakamani Bukoba, Mzee Buberwa alisimama akasema jambo hilo lilikwisha kimila, na mume alikubali mbele ya wazee. Ephrasia akageuka kumtazama mumewe. Hivyo ndivyo alivyopata kujua.

"Ndugu Clavery, ni kweli?" aliuliza hakimu, kijana mgeni asiyejua Kihaya.

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Mkono ulikuwa wako?"

Mtu mmoja akacheka nyuma. Clavery akatazama sakafu.

"Kauli ya mume haimfungi huyu mama," alisema hakimu. "Mama, mwenye madai ni wewe. Ukisema hukukubali, kesi inaendelea. Unasemaje?"

Ephrasia aliinua macho. Wazee walewale waliokunywa rubisi walikuwa wamekaa mbele yake, na akikataa, mumewe atarudi kijijini mtu asiye na kauli. Clavery alilijua hilo. Alijua pia lililompasa: asimame, aseme alikosea, kwamba hakuwa na haki ya kusema yameisha. Maneno machache tu. Hakuinuka, na moyoni, Mungu amsamehe, alikuwa akiomba mkewe amsitiri.

"Mume wangu alisema yameisha," alisema Ephrasia. "Basi yameisha."

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika."

Hakimu akamgeukia Clavery, akamuuliza kama ana la kusema. Alisimama sasa, kusimama kukiwa hakufai kitu tena, akasema hana.

Nje, Mzee Buberwa aliwafuata mbiombio. Alimshika Clavery kwa mikono yote miwili, akamwita ndugu yake. Kisha akamgeukia Ephrasia na kumnyooshea mkono wa kulia, kwa mazoea tu. Ephrasia akaweka kikapu chake chini, akatoa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa kama mwanamke aliyelelewa vizuri.

"Uniwie radhi, mzee," alisema. "Sina mwingine."

Clavery alisimama kando yao na mikono yake miwili, asijue aiweke wapi.